Paul Robeson: Mwimbaji aliyesoma Kiswahili na kunyang'anywa pasipoti

Ukitaja wapiganaji wa usawa wa rangi huko Marekani, wengi wetu tutaanza na Martin Luther King, tutaongeza Malcolm X, na mzee aliyependa ndondi atamkumbuka Muhammad Ali. Paul Robeson hatajwi. Lakini katika miaka ya 1930 na 1940 alikuwa miongoni mwa watu weusi waliojulikana zaidi duniani, kwa sauti yake, kwa filamu zake na kwa ulimi wake usioogopa. Jina hilo halikusahaulika lenyewe. Lilifutwa, na waliolifuta walikuwa na sababu zao. Mojawapo ya sababu hizo inatuhusu sisi Waafrika moja kwa moja, nami nitaifikia.

Alizaliwa tarehe 9 Aprili 1898 katika mji wa Princeton, jimbo la New Jersey, mtoto wa mwisho wa mchungaji William Drew Robeson. Baba huyo alizaliwa mtumwa huko North Carolina, na mwaka 1860, akiwa kijana wa miaka 15, akatoroka kwenda kaskazini. Alisoma akiwa mtu mzima, akahitimu Chuo Kikuu cha Lincoln, akawa mchungaji. Yaani huyu tunayemzungumza, ambaye sauti yake ipo kwenye rekodi na sura yake ipo kwenye sinema, baba yake mzazi aliwahi kuwa mali ya mtu. Si babu wa babu. Sisi watu wa pwani, ambako utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1907 tu, hatuna haja ya kueleweshwa jinsi jambo kama hilo linavyobaki ndani ya nyumba hata baada ya sheria kubadilika.

Mama yake, Maria Louisa Bustill, alikuwa mwalimu. Alifariki mwaka 1904 kwa ajali ya moto nyumbani, Paul hajatimiza hata miaka 6. Akalelewa na baba, mtu mkali wa masomo na matamshi, ambaye kwake alama nzuri hazikutosha ikiwa zingeweza kuwa bora.

Mwaka 1915 Paul alishinda mtihani wa ufadhili akaingia Chuo cha Rutgers. Alikuwa mwanafunzi mweusi wa tatu katika historia yote ya chuo hicho, na wakati ule hakukuwa na mwingine. Alipokwenda kujaribu nafasi katika timu ya mpira wa Kimarekani, ule wa kubeba mkononi, wachezaji wenzake walimvamia siku ya kwanza wakamvunja pua na kumtegua bega. Akarudi. Mwaka 1916 chuo kimoja cha kusini kilikataa kucheza ikiwa yeye yupo uwanjani, na Rutgers wakamweka nje. Hata hivyo mwaka 1917 na 1918 alichaguliwa katika kikosi cha wachezaji bora wa nchi nzima, na mwaka 1919 akahitimu akiwa ndiye aliyeteuliwa kutoa hotuba kwa niaba ya wanafunzi wenzake. Jumba la kumbukumbu la wachezaji bora wa mpira wa vyuo lilimpa nafasi yake mwaka 1995. Alikuwa amekufa miaka 19 kabla.

Alisomea sheria Chuo Kikuu cha Columbia, New York, akamaliza 1923. Kazi yenyewe ya uwakili haikudumu. Katika ofisi aliyoajiriwa, karani mmoja mwanamke wa kizungu alikataa kuandika maneno aliyokuwa akimsomea, kwa sababu msomaji ni mweusi. Robeson akachukua kofia yake akaondoka, na mahakama ikampoteza.

Hapo ndipo anapoingia Eslanda Goode, mke aliyemwoa 1921. Bi Eslanda alikuwa mtaalamu wa kemia hospitalini, na ndiye aliyemsukuma kwenye jukwaa, akawa msimamizi wa mikataba yake, mwandishi wa maisha yake, na mara nyingi akili ya kisiasa nyuma yake. Wanaoandika habari za Robeson humtaja mama huyu kwa haraka kama mke tu. Si haki. Yeye alisomea mambo ya jamii za watu jijini London, mwaka 1936 akafunga safari na mtoto wao hadi Afrika Kusini na Uganda, na mwaka 1945 akatoa kitabu juu ya safari hiyo, African Journey, wakati ambapo vitabu vingi vya Kiingereza kuhusu bara letu viliandikwa na wawindaji na wamishonari.

Mwaka 1924 Robeson aliigiza katika michezo miwili ya Eugene O'Neill mjini New York. Tarehe 19 Aprili 1925, pamoja na mpiga piano Lawrence Brown, akafanya onyesho ambalo lote, mwanzo hadi mwisho, lilikuwa nyimbo za watu weusi: zile nyimbo za ibada zilizotungwa mashambani na watumwa. Leo hilo laonekana dogo. Siku zile nyimbo hizo ziliimbwa kama kionjo tu baina ya nyimbo za Kizungu, au kwa mzaha, na waimbaji wazungu waliojipaka masizi usoni. Kuzisimamisha peke yake, mwimbaji amevaa suti rasmi, mbele ya watu waliolipa kiingilio, kulikuwa ni kusema kwamba hii ni sanaa kamili. Sauti yake ilikuwa besi nzito, ile inayosikika kifuani kabla ya kufika sikioni.

London ilimpokea kuliko kwao. Mwaka 1928 aliigiza katika Show Boat, na wimbo wa kuli mweusi anayebeba mizigo kando ya mto Mississippi ukawa wake daima. Yeyote aliyekulia karibu na bandari anaijua sura ya mtu yule. Lakini maneno ya wimbo yalimwonyesha kuli aliyechoka, mwenye hofu ya kufa na anayekubali yaliyomfika. Baadaye Robeson aliyabadilisha, kuli akawa mtu anayeapa kupambana. Mtunzi wa maneno hakufurahi. Mimi naona ni moja ya kazi zake bora za usanii: aliuchukua wimbo ulioandikwa na wengine juu ya watu wake, akaurudisha mikononi mwa watu wenyewe bila kuugusa muziki.

Mwaka 1930 akaigiza Othello katika ukumbi wa Savoy, London, pamoja na Peggy Ashcroft. Othello, kwa asiyemjua, ni jemadari Mmori, mtu wa asili ya Maghreb, anayeiongoza jeshi la Venisi na kumwoa binti wa kizungu. Kwa zaidi ya karne mbili wazungu waliigiza nafasi hiyo kwa kujipaka rangi. Mmarekani mweusi Ira Aldridge aliivunja desturi hiyo jijini London mwaka 1833, na binti yake, Amanda Aldridge, alikuwa hai bado, naye ndiye aliyemfundisha Robeson matamshi ya jukwaani. Mwaka uliotangulia onyesho, hoteli ya Savoy ilikataa kumhudumia Robeson kwa sababu ya rangi yake. Hoteli na ukumbi vipo jengo moja.

London pia ndiko alikokutana na Afrika. Alikaa na wanafunzi kutoka makoloni, mabaharia, na vijana waliokuja baadaye kuongoza nchi. Mwaka 1934 akajiandikisha katika chuo ambacho leo kinaitwa SOAS, akasoma fonetiki na Kiswahili. Alikuwa na hamu ya lugha isiyo ya kawaida, na alizishughulikia nyingi, kuanzia Kirusi hadi Kichina. Lakini kuhusu lugha za Afrika alikuwa na hoja maalumu. Mwamerika mweusi alikuwa amefundishwa kwamba alikotoka hakuna kitu, ni pori na ngoma. Robeson alisema, na akaandika mwaka huo huo, kwamba lugha hizi zina mpangilio na fikra zake, na kwamba yeye anataka kuwa Mwafrika. Tukumbuke huo ni mwaka 1934, wakati ambapo katika shule nyingi za kikoloni mtoto alijifunza kuionea haya lugha ya mama yake.

Katika watu aliofahamiana nao London alikuwamo Mkenya mmoja, Jomo Kenyatta, aliyekuwa akisoma na kuhangaika kutafuta karo. Wote wawili wamo katika filamu ya Sanders of the River ya mwaka 1935: Robeson ni mhusika mkuu, chifu Bosambo, na Kenyatta ni mmoja wa machifu wadogo, mwigizaji wa kujaza nafasi, aliyelipwa kwa siku. Kijiji cha Kiafrika kilijengwa katika studio nje ya London. Robeson aliingia akiamini atauonyesha utamaduni wa Kiafrika kwa heshima. Filamu ilipotoka ikawa ni sifa tupu kwa mkoloni mwema anayewatawala watu wasiojiweza, na Bosambo ni kibaraka wake mtiifu. Robeson aliikana. Kwa miaka mingi alipoulizwa alisema waziwazi kwamba anaichukia. Anayetaka kumwona rais wa kwanza wa Kenya akiwa kijana amevalishwa kama mtu wa porini na Wazungu wa sinema, filamu hiyo bado ipo.

Baada ya hapo alichagua kwa uangalifu zaidi. Jericho aliipiga Misri. The Proud Valley ya mwaka 1940 ni habari ya wachimba makaa wa Wales, watu aliokuwa na urafiki nao tangu alipokutana na kundi lao mitaani London wakiandamana kwa njaa. Mwaka 1937, katika mkutano wa kuchangia watoto wa Hispania waliokimbia vita, alitangaza kwamba msanii hana budi kuchagua, ama uhuru ama utumwa, na kwamba yeye amekwisha kuchagua. Januari 1938 akaenda Hispania mwenyewe kuwaimbia askari waliopambana na Franco.

Akarudi Marekani mwaka 1939. Oktoba 1943 aliigiza Othello mjini New York, Mmarekani mweusi wa kwanza kuishika nafasi hiyo Broadway akiwa na waigizaji wazungu. Mchezo ulionyeshwa mara 296, na hakuna mchezo wa Shakespeare uliowahi kufikisha hesabu hiyo Broadway. Walipouzungusha katika miji mingine alikataa kuigiza katika ukumbi wowote unaowatenga watazamaji kwa rangi. Angeweza kuishia hapo, tajiri na mwenye heshima zake. Mwaka 1947 mapato yake yalipita dola 100,000, pesa nyingi mno kwa zama hizo.

Lakini vita vya pili vilikuwa vimekwisha na wanajeshi weusi walikuwa wakirudi nyumbani. Februari 1946 askari aliyetoka vitani, Isaac Woodard, akiwa bado amevaa sare, alipigwa na polisi huko South Carolina hadi akapofuka macho yote mawili. Julai mwaka huo, Georgia, wanandoa wawili pamoja na wengine wawili, watu 4, walitolewa garini na kuuawa na kundi la wazungu. Hakuna aliyehukumiwa. Septemba Robeson aliongoza ujumbe hadi Ikulu kwa Rais Truman, kudai sheria dhidi ya mauaji ya namna hiyo. Truman alisema wakati haujafika. Robeson akamjibu kwamba serikali isipowalinda watu weusi, watajilinda wenyewe. Rais alilichukua neno hilo kama kitisho, na mkutano ukavunjika.

Kuanzia hapo mambo yalikwenda kasi. Aprili 1949 alizungumza katika mkutano wa amani Paris, na magazeti ya kwao yakachapisha kwamba amesema watu weusi wa Marekani hawatapigana vita dhidi ya Urusi. Maneno aliyotamka na yaliyochapishwa hayakuwa yaleyale, lakini nani alijali? Kamati ya Bunge ilimwita Jackie Robinson, mchezaji wa besiboli aliyependwa na wote, ili mweusi ampinge mweusi mwenzake hadharani. Mbinu hiyo sisi tunaijua vizuri, haikuzikwa na mkoloni. Mwishoni mwa Agosti onyesho lake karibu na Peekskill, jimbo la New York, lilizuiwa na kundi lililowapiga waliokuja. Tarehe 4 Septemba akarudi akaimba, akilindwa na maelfu ya wanachama wa vyama vya wafanyakazi waliojipanga wakizunguka uwanja. Watu walipokuwa wakiondoka, magari na mabasi yao yalipigwa mawe njiani huku polisi wakitazama. Zaidi ya watu 140 waliumia.

Mwaka 1950 serikali ilimnyang'anya pasipoti. Kumbi zikafungwa kwake, kampuni za rekodi zikamwacha, rekodi zake zikaondolewa madukani, redio ikanyamaza. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1950 mapato yake yalishuka hadi karibu dola 6,000 kwa mwaka. Mwimbaji anayezuiwa nyumbani na hapo hapo anazuiwa kutoka, hiyo si adhabu ya kisheria, ni kumfukia mtu akiwa hai. Mpwani aliyewahi kuzungushwa miezi kwa miezi kwa ajili ya kitambulisho au pasipoti, akiulizwa cheti cha babu yake, atajua ninachosema: kikaratasi hicho kinaweza kufanywa fimbo.

Na hapa ndipo ile sababu inayotuhusu. Alipokwenda mahakamani kudai pasipoti yake, mawakili wa Wizara ya Mambo ya Nje hawakutaja ukomunisti peke yake. Waliandika kwamba mtu huyu kwa miaka mingi amekuwa akishughulika sana kisiasa kuunga mkono uhuru wa watu wa makoloni ya Afrika. Hilo liliwekwa kwenye karatasi za mahakama kama kosa. Robeson alikuwa mwenyekiti wa Baraza la Masuala ya Afrika, jumuiya iliyoanzishwa 1937, iliyochangisha chakula kwa wenye njaa Afrika Kusini, na iliyopaza sauti juu ya Kenya wakati Hali ya Hatari ilipotangazwa Oktoba 1952 na Kenyatta kukamatwa. Mwenzake wa karibu katika kazi hiyo alikuwa msomi W.E.B. Du Bois. Serikali ililiandama baraza hilo mpaka likafungwa mwaka 1955. Katika historia ya uhuru tunayosomeshwa shuleni, sijaona ukurasa unaowataja.

Alitafuta njia. Mwaka 1952 alizuiwa hata kuvuka kwenda Kanada, nchi ambayo Mmarekani hakuhitaji pasipoti kuingia. Mei tarehe 18 akapanda juu ya lori lililoegeshwa mpakani kabisa, upande wa Marekani, akaimba, na maelfu ya watu wakamsikiliza wakiwa pande zote mbili. Mwaka 1957 aliwaimbia watu wa London, na baadaye wachimba makaa wa Wales, kupitia simu iliyopita chini ya Atlantiki: yeye New York, wao ukumbini kwao wakisikiliza kipaza sauti, kisha kwaya yao ikamwimbia yeye. Nimesikiliza kipande cha rekodi ya Wales. Kukwaruza kwa waya kunasikika, na sauti ileile.

Juni 1956 aliitwa mbele ya Kamati ya Bunge. Mjumbe mmoja akamuuliza kwa nini asihamie Urusi anakokusifu. Akajibu kwamba baba yake alikuwa mtumwa, watu wake walikufa wakiijenga nchi hii, naye atabaki hapa na kuwa na sehemu yake kama wao, wala hakuna mtu wa kumfukuza.

Kuhusu Urusi yenyewe, simtetei. Alikwenda mara ya kwanza Desemba 1934 na akasema kule alijiona ni binadamu bila kutazamwa rangi. Ninaelewa jambo hilo lilivyo na uzito kwa mtu aliyetoka Marekani ya zama zile. Lakini Juni 1949 alionana Moscow na Itzik Feffer, mshairi wa Kiyahudi aliyekuwa mfungwa, na akatambua hali. Katika onyesho lake aliimba kwa Kiyidi wimbo wa Wayahudi waliopigana na Wanazi, na hilo lilihitaji ujasiri. Aliporudi kwao akakanusha kwamba Wayahudi wanaonewa. Feffer alipigwa risasi Agosti 1952, na mwaka huohuo Robeson akapewa tuzo yenye jina la Stalin. Hakuwahi kusema hadharani alichokijua. Wapenzi wake husema hakutaka kuwapa silaha maadui wa watu weusi. Huenda. Lakini mtu aliyefundisha dunia kwamba dhulma ni dhulma popote alitarajiwa kuisema na ile iliyofanywa na rafiki.

Juni 1958 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua, kwa kura 5 dhidi ya 4, kwamba serikali haina ruhusa ya kumnyima raia pasipoti kwa sababu ya itikadi yake. Kesi ilibeba jina la mchoraji, Rockwell Kent, na ikamfungulia mlango Robeson pia. Alikuwa na miaka 60. Alisafiri mara moja. Mwaka 1959 akaigiza Othello tena, safari hii Stratford, mji wa Shakespeare mwenyewe. Novemba 1960, akiwa Australia, alikwenda Sydney mahali palipokuwa pakijengwa jumba kubwa la opera, wakati wa chakula cha mchana, akawaimbia mafundi na vibarua waliokaa juu ya vyuma na mbao za ujenzi. Kwa hiyo wa kwanza kuimba katika jumba lile maarufu alikuwa mtoto wa mtumwa, na wasikilizaji walikuwa wafanyakazi wenye vumbi.

Miaka ya kusakamwa ilikuwa imemla. Mwaka 1961 huko Moscow alijaribu kujiua, na kwa zaidi ya miaka miwili akawa mgonjwa wa hospitali za London na Berlin Mashariki. Kenya ilipopandisha bendera tarehe 12 Desemba 1963, na yule mwigizaji wa kujaza nafasi akawa kiongozi wa nchi, Robeson alikuwa bado Berlin. Siku chache baadaye alirudi Marekani, akakaa kimya. Eslanda alifariki 1965. Mwenyewe alifariki tarehe 23 Januari 1976 huko Philadelphia, alikokuwa akiishi na dada yake, na maziko yakatoka katika kanisa la Harlem ambalo kaka yake aliwahi kuwa mchungaji wake. Kenya, nchi ambayo lugha yake aliisoma miaka 29 kabla ya uhuru, hakuwahi kufika.